Kuku wa Duka Amepungukiwa na Nini?

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Arua, Koboko na katika vituo vya mpakani, maelezo yetu baada ya habari leo yanahusu jambo linaloonekana dogo lakini linaloingia katika kila jiko, nalo ni kuku.

Malalamiko yamekuwa mengi. Mtu hutoka dukani na kuku mnene, mweupe, aliyefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni. Akimtia sufuriani, kuku hutoa maji na kusinyaa. Nyama huiva upesi, lakini haina ladha, na mfupa huvunjika bila taabu. Wengine husema kwamba kuku hao hudungwa sindano za homoni. Je, ukweli ni upi?

Kwanza, habari ya homoni ni uvumi. Ukubwa wa kuku wa nyama, yaani broila, hautokani na sindano, bali na uteuzi wa mbegu na chakula chenye nguvu nyingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walifuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, wa mwaka 1978 na wa mwaka 2005, wakawapa chakula cha namna moja. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Katika siku 56, kuku wa mbegu ya 1957 alikuwa na uzito wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Kwa hiyo, katika muda usiofika miaka 50, kuku ameongezeka uzito zaidi ya mara nne kwa siku zile zile.

Lakini haraka ina gharama yake. Ladha ya nyama hutokana na umri wa mnyama, na mwendo wake, na vyakula mbalimbali anavyokula. Broila huchinjwa akiwa na wiki sita au saba tu, naye hakupata kutembea mbali na chombo chake cha chakula. Kuku wa kienyeji huchukua miezi mitano, sita au zaidi, akiparua, akikimbia na kula wadudu, majani na nafaka. Tena, misuli ya kidari cha broila, kwa kukua upesi mno, wakati mwingine hutokea michirizi meupe ya mafuta, au hukakamaa kama ubao. Nyama kama hiyo haimdhuru mlaji, ila ubora wake umepungua.

Sababu ya pili ni barafu. Kutoka Kampala hadi Arua ni safari ya zaidi ya kilometa 450, kupitia Karuma na Pakwach, na Koboko iko mbele zaidi. Kwa miaka mingi, kabla ya gridi ya taifa kufika, West Nile ilitegemea mitambo ya dizeli na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Kila mwenye duka anafahamu maana ya umeme kukatika usiku kucha. Nyama iliyogandishwa huyeyuka. Umeme ukirudi, huganda tena. Kila mara barafu inapofanyika upya huchana nyuzi za nyama, na utamu wake hutoka pamoja na maji. Lililo baya zaidi ni kwamba, katika saa zile za joto, vijidudu huzaliana. Kuwagandisha tena hakuwaui, huwalaza tu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni dawa. Mwaka 2023 ofisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa aliiambia kamati ya Bunge kwamba baadhi ya wafugaji huwapa nguruwe na kuku dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ili wanenepe. Mwaka huo huo, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya nyama ya kuku iliyopimwa kutoka masoko ya Kampala na Lira, na nusu ya nyama ya nguruwe, ilikuwa na dawa hizo. Hizo ni dawa za wagonjwa, zilizonunuliwa kwa fedha za umma na za wafadhili. Mwenye kuzigeuza kuwa chakula cha kuku ni mlanguzi anayefanya magendo kwa uhai wa watu.

Zaidi ya hizo, kuna antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Kumtibu kuku mgonjwa si kosa. Kosa ni kuwapa kuku wazima dawa kila siku, au kuwachinja kabla siku za kungojea, zilizoandikwa katika kila chupa, hazijaisha. Bakteria wanaoonja dawa kidogo kidogo huizoea, kisha huwa sugu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006. Askari anapaswa kulitafakari jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Siku atakapojeruhiwa, tumaini lake ni dawa ile ile. Na dawa iliyochezewa katika banda la kuku yaweza kumwangusha katika kitanda cha hospitali.

Basi, kuku bora apatikane wapi? Jibu letu ni hili: nunua kuku aliye hai, aliyefugwa karibu, kwa mtu unayeweza kumrudia. Katika gombolola za Vurra, Ajia na Logiri upande wa Arua, na Midia, Kuluba, Lobule na Ludara upande wa Koboko, kuku wa kienyeji hufugwa katika nyumba nyingi. Siku ya soko fika asubuhi, kabla ndege hawajachoka kwa jua na kamba. Afadhali zaidi, fanya mapatano na mfugaji mmoja, ili akuwekee kuku kila mwisho wa mwezi. Familia kadhaa za kambini zikinunua pamoja, mfugaji hupata soko la hakika, nazo hupata mtu wa kumwuliza juu ya chakula na dawa.

Wala hatusemi kwamba broila ni sumu. Broila wa jirani, aliyechinjwa asubuhi na kupikwa mchana, ni mwema kuliko aliyelala barafuni mwezi mzima. Wako pia kuku wa mbegu ya Kuroiler, wenye asili ya India, ambao hujitafutia chakula uani na hukua upesi kuliko wa kienyeji.

Katika kuchagua, tumia macho na mikono. Kuku mzima ana macho maangavu, upanga mwekundu kichwani, pua kavu na manyoya yaliyolala vizuri. Mguse kidari: mfupa ukichoma kama kisu, huyo amekonda au anaumwa. Tazama sehemu ya nyuma. Ikiwa imechafuka kwa kuhara, mwache. Jogoo mwenye vikwaru virefu, ile miiba ya miguuni, ni mzee. Atafaa kuchemshwa polepole kwa karanga zilizosagwa au simsim, aliwe na enyasa. Kama hapana budi kununua wa barafu, mkatae yule ambaye mfuko wake una barafu nyingi yenye damu, au ambaye nyama yake imekauka na kubadilika rangi pembeni.

Iko hatari moja ya kuku wa kijijini ambayo hatuwezi kuificha. Mdondo unapoingia kijijini, wenye kuku hukimbilia kuwauza kwa bei ya chini kabla hawajafa. Ukiona kuku wengi wa bei rahisi kwa ghafula, jihadhari. Kuku utakayemfuga mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine, nao wote wapewe chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu. Kuna ya matone ya machoni ambayo mfugaji yeyote aweza kufundishwa kuitoa. Ofisi za mifugo za wilaya zipo kwa kazi hiyo. Na kuku yeyote apikwe mpaka nyama iliyo karibu na mfupa isiwe na wekundu.

Mwisho, neno la nidhamu. Mama anayetembea tangu alfajiri na kuku wawili mkononi huenda amebeba karo ya mtoto wake. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani hana haki ya kumpunguzia bei kwa sababu ya bunduki wala sare, sembuse kumchukua kuku bure. Alipe bei ya soko, kama raia mwingine yeyote. Mfugaji anayelipwa kwa haki ataongeza banda, atachanja kuku wake, na mwezi ujao ataleta walio bora zaidi. Anayenyang'anywa ataficha kuku wake, nasi sote tutarudi kwenye kuku wa barafu asiye na ladha wala historia.

Huo ndio mwisho wa maelezo yetu.