Bibi Aliyejilaza na Mtungi wa Maji

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu, niwaulize swali kabla viazi karai havijaiva. Tuseme yuko bibi hapa Likoni, miaka 70, kilo 60, urefu sentimita 155. Tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni. Amejilaza macho wazi, hata tasbihi haigusi. Anafanya kazi gani?

Mtasema hakuna. Lo! Moyo unapiga, figo zinachuja, mapafu yanapanda na kushuka. Ubongo peke yake, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, unakula karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu anazotumia akiwa ametulia. Mwili wake ni kaa lililofunikwa jivu: mwali huuoni, lakini weka mkono uone.

Akilala hivyo hivyo kutwa kucha, moto huo hufika kalori elfu moja na ushei. Nakusudia kalori za kwenye pakiti ya biskuti: moja ni joto la kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Sasa chukueni mtungi wa lita 20 wa muuza maji wa Kisauni, utieni maji zaidi ya nusu. Joto la bibi la siku moja lingeyachemsha. Na hajainuka hata kufunga mlango!

Waliolipima joto hili zamani hawakuanza na bibi. Mwaka 1782 na 1783 Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimtia simbilisi kwenye chombo kilichozungukwa na barafu, kisha wakapima maji ya barafu iliyoyeyuka. Maskini simbilisi! Lakini ndiye aliyewaonyesha kwamba kupumua ni kuungua, ila polepole.

Siku hizi mtu hulazwa asubuhi na njaa yake, akafunikwa kichwa kwa kuba la plastiki, mashine ikapima oksijeni anayoitumia. Kila lita ni kama kalori 5. Bibi wetu angetumia kama nusu gilasi kwa dakika.

Mashine hiyo ni ghali, ndiyo maana watu wakatunga kanuni za kukisia. Mwaka 1919 Wamarekani Arthur Harris na Francis Benedict walitoa ya kwao, waliyoipata kwa kupima wanaume 136 na wanawake 103, wengi wao vijana. Nimempigia bibi hesabu kwa kanuni hiyo: kalori 1,188. Nikapiga tena kwa ile ya Mifflin na wenzake ya mwaka 1990: 1,058. Bibi ni yuleyule! Pengo ni kalori 130, yaani ndizi moja na kipande.

Fundi cherehani wa Changamwe akikukatia kanzu kwa vipimo vya jirani, itaingia mwilini, sawa, ila mabega yatasema. Ndivyo zilivyo kanuni hizi: huko China, watu walipopimwa kwa mashine, kanuni za Magharibi mara nyingi zilionekana kuzidisha. Kwa wazee kukisia ni kugumu zaidi, maana misuli imepungua, tena kila mmoja kwa kiasi chake.

Yuko Mmarekani mmoja, Herman Pontzer, aliyewapima Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Hao hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, lakini alipozingatia ukubwa wa miili, aliona hawaunguzi zaidi ya watu wa mijini huko Magharibi. Mwaka 2021 yeye na wenzake wengi walitoa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Moto wa mwili, walisema, hukaa palepale tangu miaka 20 hadi 60, kisha hushuka kama asilimia 0.7 kila mwaka. Basi shangazi wa miaka 40 akilalamika kwamba umri umemzimia jiko, mnyamazieni tu. Si vizuri kumbishia mkubwa.

Nirudi kwa bibi. Kanuni humuuliza mambo manne: uzito, urefu, umri, na kama ni mke au mume. Haimuulizi kama bado anajitekea maji mwenyewe. Jirani yake mwenye vipimo hivyohivyo, aliyekaa kitini mwaka mzima tangu avunjike nyonga, atapewa nambari ileile.