Ndege Zilipohamia Delta, Marubani Walibaki

Kuanzia mwishoni mwa 2013, rubani aliyewahi kurusha Boeing 717 ya AirTran aliweza kuiona ndege yake ya zamani kila alipopita uwanja wa Atlanta. Ilikuwa ikipaa na kutua palepale kama zamani, ila sasa imepakwa rangi za Delta, mshindani mkubwa wa AirTran katika uwanja huo, na wanaoiongoza ni watu wengine. Yeye alikuwa mwajiriwa wa Southwest. Kama AirTran alikuwa kapteni, huenda alikuwa akisubiri kurudishwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kama walivyorudishwa wenzake wengi.

Southwest ilikamilisha ununuzi wa AirTran Mei 2011 kwa bei iliyotangazwa ya takriban dola bilioni 1.4, na katika mali iliyonunuliwa zilikuwamo 717 zipatazo 88 zenye viti 117 kila moja. Mwanzoni viongozi wa Southwest walisema ndege hizo zingefaa kwa miji midogo ambayo Boeing 737, ndege pekee ya Southwest, ni kubwa mno kwayo. Haikupita muda, hesabu zikawazidi. Biashara ya Southwest imejengwa juu ya aina moja ya ndege: rubani yeyote anaweza kupangiwa ndege yoyote, ghala la vipuri ni la aina moja, na ndege ikiharibika Dallas asubuhi, iliyopo karibu inashika nafasi yake bila kubadilisha wahudumu wala fundi. Kuongeza aina ya pili kulimaanisha kuyaendesha hayo yote maradufu. Julai 2012 ukatiwa saini mkataba wa kuzikodisha zote kwa Delta, zikabidhiwe kidogo kidogo kila mwezi, huku Southwest ikikubali kubeba sehemu ya gharama za kuziondoa.

Kwa jicho la mhasibu uamuzi huo hauna kasoro, na sioni sababu ya kuulaumu. Shida ni kwamba mfanyakazi anahesabu vitu vingine.

Katika mashirika ya Marekani, maisha ya rubani yanaamuliwa na namba yake kwenye orodha ya ukongwe. Namba hiyo ndiyo inayosema atarusha ndege gani, atakaa kushoto au kulia, atakuwa na kituo mji gani na kama Krismasi atakuwa nyumbani. Lakini namba peke yake hailipi mshahara. Inahitaji kiti cha kukalia. Kila ndege inayofanya kazi tangu alfajiri hadi usiku huhitaji jozi kadhaa za marubani ili waweze kupokezana na kupumzika. Ikiondoka ndege moja bila nyingine kuchukua nafasi yake, nafasi kadhaa za ukapteni zimefutika, na aliyesukumwa chini humsukuma aliye chini yake, hadi wa mwisho anajikuta nje ya lango. Fundi naye ana namna yake ya kuumia. Ujuzi wa miaka 10 juu ya injini ya aina fulani unakuwa historia siku injini hiyo inapohama karakana. Na katika miji ambayo ndege ndogo ndiyo pekee iliyoweza kujaa abiria, wapakia mizigo na wahudumu wa kaunta huondoka pamoja na safari zenyewe. AirTran ilikuwa ikihudumia Newport News, Asheville na Lexington. Southwest haikuona faida ya kubaki huko.

Jambo la kutazama hapa ni mpangilio wa tarehe. Viongozi wa chama cha marubani wa AirTran walilikataa pendekezo la kwanza la kuunganisha orodha za ukongwe mwaka 2011. Southwest ikaonyesha kwamba inaweza kuiacha AirTran ijiendeshe pembeni, na kila mtu alielewa shirika lililoachwa pembeni huishia wapi. Novemba mwaka huohuo marubani wakaridhia pendekezo la pili, lililokuwa gumu zaidi kwao. Miezi minane baadaye ndege zao zikapewa mpangaji mwingine. Waliokaa mezani kupigania orodha hawakuwa na karatasi yoyote ya kulinda ndege.

Ndege yenyewe ni ya kambo tangu kuzaliwa. McDonnell Douglas ndiyo iliyoibuni kwa jina la MD-95, kizazi cha mwisho cha DC-9. Mwaka 1997 kampuni hiyo ikaungana na Boeing, na muungano huo ukaua ndege nyingi za McDonnell Douglas, ukaibakiza hii moja kwa jina jipya la 717. Haikuwa na udugu wa chumba cha marubani na 737, kwa hiyo ndani ya nyumba ya Boeing haikupata mtetezi. Kiwanda cha Long Beach, California, kilitengeneza 156 tu, ya mwisho ikakabidhiwa 2006.

Na AirTran haikuwa ya kwanza kupoteza 717 kwa muungano. TWA ilikuwa imeanza kuzipokea mwaka 2000 ili kuondoa ndege zake kuukuu. Aprili 2001 American Airlines ikainunua TWA iliyokuwa imefilisika, ikachukua na wafanyakazi wapatao 20,000. Masharti ya ukodishaji wa 717 yalikuwa ghali, ndege ilikuwa ngeni kwa American, kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11. Zikarudishwa kwa wenyewe, na nyingi zikaishia AirTran. Wahudumu wa ndege wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha ya American, hata wenye miaka 30 kazini, na kufikia Julai 2003 wote walikuwa wamesimamishwa kazi. Marubani wengi nao walipachikwa mkiani. Wakakishtaki chama chao wenyewe, ALPA, kwa kutowatetea. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama huko New Jersey likawapa haki, na mwaka 2014 shauri likamalizwa kwa malipo ya dola milioni 53.

Kilio cha St. Louis, mji wa Missouri uliokuwa makao ya TWA, ndicho kilichozaa sheria. Mwaka 2007 maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, walipitisha kifungu kinachotaka orodha za ukongwe ziunganishwe kwa haki, na pande zikishindwana, msuluhishi aamue. Ni kinga nzuri, ila ina tundu: inalinda namba, hailindi ndege inayoipa namba thamani.

Tundu hilo linaweza kuzibwa kwa mkataba. Marubani wa Delta walifanya hivyo mwaka 2012, tena kwa kutumia ndege hizihizi: waliiruhusu kampuni kuongeza ndege za viti 76 zinazoendeshwa na mashirika madogo, kwa sharti kwamba 717 ziingie kwanza na zirushwe na wao wenyewe. Mikataba mingine huweka uzio, yaani kwa miaka kadhaa viti vya aina fulani ya ndege ni vya wale walioileta. Ni dhahiri nani alijifunza mapema.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliona sura nyingine ya jambo hili, pale muungano ulipovunjika. East African Airways ilipokufa mwaka 1977, ndege zake nne za Super VC10 zilirudi Uingereza kwa mtengenezaji, zikageuzwa kuwa za kujaza mafuta angani za jeshi la anga la nchi hiyo. Mafundi waliozitunza Embakasi walibaki na ujuzi usio na ndege.

Sasa zamu ni ya Hawaiian Airlines, iliyonunuliwa na Alaska Air Group Septemba 2024 kwa dola bilioni 1.9 pamoja na madeni. Ndege yake ya kuunganisha visiwa, inayoruka mara nyingi kwa siku kwa safari za chini ya saa moja, ni 717, na ziko 19. Alaska ilishawahi kuzimeza ndege za wengine: ilipoinunua Virgin America mwaka 2016 ilirithi Airbus, na kufikia Septemba 2023 zote zilikuwa zimeondolewa ili ibaki na 737. Boeing 787 ambazo Hawaiian iliziagiza zikiwa tegemeo la Honolulu sasa zinapangiwa safari za mabara kutoka Seattle. Hakuna aliyetangaza kwamba visiwa vitakosa ndege, na haitakuwa rahisi kupata mbadala wa 717 kwa kazi ile. Lakini kiwanda kimefungwa miaka mingi, vipuri vinapungua, na itakayokuja itahitaji leseni mpya, karakana mpya na uamuzi kuhusu kituo chake kitakuwa wapi.

Mfanyakazi anayesikia kwamba shirika lake linaunganishwa na jingine, Honolulu au Nairobi, aombe karatasi mbili kabla hajasoma barua ya kumkaribisha: orodha ya tarehe za kuisha kwa mikataba ya kukodi ndege, na kifungu kinachosema idadi ya chini ya ndege ambayo mwajiri mpya hawezi kushuka chini yake. Kama karatasi ya pili haipo, chama chake kisitie saini kwenye orodha ya ukongwe hadi ipatikane.