Sanamu Isiyosimamishwa: Usanifu Majengo wa Kisasa na Suala la Mbegu Bora Nchini Brazili

Historia ya usanifu majengo wa kisasa kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vifaa na maumbo: saruji, chuma, vioo na paa bapa. Mwili wa binadamu, ambao ndio uliodaiwa kuwa kipimo cha majengo hayo, hutajwa kwa nadra. Na swali kwamba ni mwili wa nani halitajwi kabisa. Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kulitazama jengo moja la Rio de Janeiro, yaani lile la iliyokuwa Wizara ya Elimu na Afya, lililobuniwa kuanzia mwaka 1936 na Lúcio Costa, Oscar Niemeyer na wenzao, Le Corbusier akiwa mshauri wao.

Yafaa kwanza kuielewa yujeniki, yaani itikadi ya kuboresha mbegu ya binadamu. Huko Ujerumani na Marekani itikadi hiyo ilijikita katika uzazi: nani azae na nani azuiwe. Nchini Brazili, kama anavyoonyesha Nancy Stepan (1991), ilifuata zaidi mkondo wa Kifaransa uliotokana na Lamarck, ulioshikilia kwamba athari za mazingira huingia mwilini na kurithiwa na vizazi. Kwa mantiki hiyo, mfereji wa maji machafu, dirisha na uwanja wa shule vilikuwa vyombo vya kurekebisha nasaba. Katiba ya 1934 iliiagiza dola kuhimiza elimu ya yujeniki. Hapo ndipo msanifu majengo alipopata nafasi ambayo katika mkondo wa Kijerumani ingekuwa ya daktari peke yake, na hoja hii ndiyo anayoipanua Fabiola López-Durán (2018) anapochunguza uhusiano wa Le Corbusier na Brazili.

Hata hivyo, ushahidi ulio wazi zaidi hauko katika kuta za jengo hilo bali katika kitu ambacho hakikuwekwa mbele yake. Waziri Gustavo Capanema alikusudia pasimamishwe hapo sanamu kubwa ya Mtu wa Brazili, na kazi hiyo akapewa mchongaji Celso Antônio. Mwaka 1937 Capanema aliwauliza wataalamu, miongoni mwao mwanaanthropolojia Edgar Roquette-Pinto na mwanasosholojia Oliveira Vianna, mwili wa mtu huyo uwe wa namna gani. Swali lake halikumhusu Mbrazili alivyokuwa, bali atakavyokuwa. Celso Antônio alichonga kielelezo cha chotara wa bara, mtu ambaye yeyote angeweza kukutana naye njiani. Waziri alimkataa: alitaka sura ya kizungu. Sanamu haikusimamishwa kamwe. Jerry Dávila (2003) anakifungua kitabu chake kuhusu elimu na rangi nchini humo kwa kisa hicho, na ni haki yake, kwani nyaraka chache za utawala hukiri mambo waziwazi kiasi hicho.

Isidhaniwe kwamba wataalamu wote walikuwa na kauli moja. Roquette-Pinto, aliyeongoza kongamano la kwanza la yujeniki nchini Brazili mwaka 1929, alipinga dai kwamba uchotara ni upungufu. Kwake yeye tatizo lilikuwa maradhi na ujinga. Lakini hata hoja hiyo ya upole iliacha mwili wa raia mikononi mwa dola kama kitu cha kutengenezwa.

Ndani ya jengo hilohilo, Candido Portinari alichora ukutani picha za vipindi vya uchumi wa Brazili: miwa, dhahabu, pamba, kahawa. Wafanyakazi weusi wamejaa humo, mikono na miguu yao ikiwa imekuzwa kupita kiasi, na wizara iliyomkataa chotara wa Celso Antônio haikuwakataa hao. Pichani walikuwa wavuna kahawa na wachimba dhahabu wa zamani. Sanamu ilikusudiwa kuwa raia wa kesho. Jengo lilizinduliwa mwaka 1945, nalo sasa hujulikana kwa jina la Capanema.