Mshambuliaji huokotwa, kipa hulelewa

Januari 28, 2024, mjini San Pedro, Ivory Coast, Lionel Mpasi alitoka langoni akaenda kusimama mbele ya mpira kama mpigaji. Kongo (ya Kinshasa) na Misri zilikuwa zimemaliza dakika 120 za mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa sare ya 1-1, orodha ya wapigaji penalti ilikuwa imefika ukingoni, na sasa ilikuwa zamu ya makipa. Mohamed Abou Gabal wa Misri, yule wanayemwita Gabaski, alitangulia. Shuti lake likagonga mtambaa panya. Mpasi akapiga wake, nyavu zikatikisika, 8-7. Misri, mabingwa mara saba wa Afrika, wakafungasha virago.

Usiku ule jina la Mpasi lilitua kwenye midomo ya Wakongo wengi ambao hadi siku hiyo hawakuwa na habari naye. Wengi walidhani ni chipukizi. Hakuwa chipukizi. Alikuwa na miaka 29, amezaliwa Meaux karibu na Paris, amepita kwenye shule ya soka ya Paris Saint-Germain bila kupata nafasi ya kudumu huko, kisha akaenda kujenga maisha yake Rodez, klabu ndogo ya kusini mwa Ufaransa, akapanda nayo ngazi hadi daraja la pili. Mwaka 2025 ndipo Le Havre ilipomchukua. Safari yake ni ya mtu aliyedaka mpira kila wiki, mwaka baada ya mwaka, kwenye viwanja ambavyo kamera hazikuwa na haraka ya kufika.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kipa na wachezaji wengine. Mshambuliaji wa miaka 17 anaweza kuonekana alasiri moja: mbio mbili, chenga tatu, bao, na wakala kashika simu. Kipa haonekani hivyo. Pengine katika mechi nzima anaguswa na mashuti manne, na yale yanayopima akili yake hasa, kama kutoka au kubaki kwenye krosi, au kupanga ukuta kabla ya mpira wa adhabu, mtazamaji wa kawaida hayaoni kabisa. Isitoshe, timu ina nafasi kumi za wachezaji wa ndani na moja tu ya kipa. Namba mbili anaweza kumaliza msimu akiwa mzima wa afya, hodari wa mazoezi, na asicheze dakika hata moja.

Tazama njia ya Bart Verbruggen wa Uholanzi. Alizaliwa Zwolle mwaka 2002, akalelewa na NAC Breda, mwaka 2020 akavuka mpaka kwenda Anderlecht ya Ubelgiji. Huko alianza kwa kusubiri, baadaye ndipo akakabidhiwa lango. Mwaka 2023 Brighton ya Uingereza ikamnunua, mwaka huohuo akaidakia timu ya taifa, na kwenye Euro ya 2024, akiwa na miaka 21, alikuwa kipa namba moja wa Uholanzi hadi nusu fainali. Ukiyasoma hayo kwa haraka utasema kijana ana bahati. Ukweli ni kwamba nyuma yake kuna utaratibu ambao haukusimama hata msimu mmoja: kocha wa makipa tangu utotoni, mechi za umri wake kila mwisho wa wiki, uwanja uliopo leo na utakaokuwepo kesho, na klabu inayoandika kumbukumbu za maendeleo yake. Hata janga la korona, lililofunga viwanja mwaka 2020, halikuuvunja mnyororo huo.

Sasa panda barabara kutoka Goma, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Inapita Sake, inapanda Masisi, kisha inateremka kwenye msitu wa Walikale na kuelekea Kisangani. Masisi ni nchi ya vilima, malisho ya ng'ombe, jibini na mikaratusi. Uwanja wa kijiji hukatwa pale ambapo mgongo wa kilima umekubali kulala kidogo, magoli yake ni magogo ya mikaratusi, na mpira mara nyingi ni wa majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba. Kama ilivyo Afrika Mashariki nzima, golini huwekwa mtoto mdogo kuliko wote, au yule ambaye wenzake wameamua hajui mpira. Kazi yake ya kwanza si kudaka. Shuti likipita pembeni ya gogo linateremka bondeni, na ni yeye anayelifuata, anarudi anahema huku wenzake wakimpigia kelele afanye haraka. Akirudi, anadaka kwa mikono mitupu, bila glavu.

Ardhi nayo inafundisha masomo yake. Kwenye nyasi za Masisi mtoto anaweza kuruka na kuanguka ubavu bila woga. Goma, ambako viwanja vingi vya mitaani vimelala juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, mtoto hujifunza mapema kutoruka, maana kila mruko una bei yake ya ngozi. Walikale mvua ya msitu hugeuza eneo la hatari kuwa tope, na kipa anajifunza kuusukuma mpira mbali badala ya kuukumbatia. Tabia hizi huingia mwilini kabla ya miaka 12. Kocha wa makipa huzigundua na kuzirekebisha. Pasipo kocha, zinakomaa pamoja na kijana.

Lakini umaskini wa vifaa peke yake hautoshi kueleza kwa nini mtoto wa golini Masisi hafiki mbali, kwa sababu Kongo imewahi kulea makipa wakubwa bila anasa yoyote. Kazadi Mwamba alisimama langoni TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968, na akawa kipa wa timu ya taifa iliyochukua Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 na 1974. Bahati mbaya dunia inamkumbuka kwa jioni moja ya Juni 1974 kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, alipotolewa mapema baada ya mabao matatu ya Yugoslavia, mechi iliyoisha 9-0. Ndivyo lango lilivyo: miaka saba ya vikombe inaweza kufunikwa na dakika ishirini.

Baada yake akaja Robert Kidiaba, mzaliwa wa Likasi, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, mtindo ambao watoto wa Kongo nzima waliuiga. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 bila lango lake kuguswa, ikawa klabu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kidiaba alikuwa na miaka 34. Februari 2015, siku chache baada ya kutimiza 39, aliidakia Kongo kwenye mechi ya mshindi wa tatu wa Afrika dhidi ya wenyeji Equatorial Guinea, na Kongo ikashinda kwa penalti 4-2. Ley Matampi naye, bingwa, akiwa na timu ya taifa, wa CHAN ya 2016, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, wasomaji wa Tanzania wanamfahamu kwa jezi ya Coastal Union ya Tanga: msimu wa 2023/24 alitangazwa kipa bora wa Ligi Kuu, akiwa amevuka miaka 30 zamani.

Watu hawa watatu hawakufanana vipaji. Walichofanana ni klabu zilizowavumilia. Klabu zao ziliwapa mechi mfululizo, na ruhusa ya kufungwa mabao ya kijinga wakiwa vijana ili wasifungwe hayo hayo wakiwa watu wazima. Kipa huiva akiwa amechelewa, na huiva kwa mechi tu.

Masisi na Walikale zimenyimwa hasa hicho: mfululizo wa mechi. Vita vya huko havikuanza jana, na kila vinaporudi vinakata kila kitu katikati. Mwezi Aprili 2024 mji wa machimbo wa Rubaya uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Januari 2025 ikafuata Masisi-kati, kisha Sake, kisha Goma yenyewe. Machi waasi waliingia mji wa Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya hapo, familia zilizokimbia vilima zilijazana kwenye kambi za pembezoni mwa Goma, na Februari 2025 kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mvulana aliyekuwa na miaka 13 mwanzo wa misukosuko hii anakaribia umri ambao Verbruggen alikuwa nao akisaini Anderlecht. Katika kipindi hicho shule yake huenda imegeuzwa makazi ya wakimbizi, timu yake imetawanyika, na watu wenye bunduki, wa upande huu na ule, wanatafuta wavulana wa umri wake hasa. Mshambuliaji wa umri wake anaweza bado kuokotwa siku moja kwenye bonanza la mjini. Kipa amepoteza miaka ambayo hairudishwi na bonanza lolote.

Na si kwamba eneo hilo halifikiki. Machimbo ya Rubaya hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mgodi wa Bisie, ndani ya Walikale, hutoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia. Ulisimamishwa Machi 2025 waasi walipokaribia, na mwezi uliofuata kazi ilianza tena. Zamani, barabara ilipokuwa haipitiki, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha Kilambo kupakia mawe. Kwa ajili ya madini njia hupatikana. Kwa ajili ya mtoto mwenye mikono mizuri haijatafutwa.

Wachezaji wa timu ya taifa wenyewe wanalijua hilo. Februari 7, 2024, siku kumi baada ya ule ushindi wa San Pedro, kabla ya nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, walisimama kwenye wimbo wa taifa wameziba midomo kwa kiganja, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kichwani kama bastola. Walikuwa wanaizungumzia Kivu. Mpasi alifungwa bao moja siku hiyo, shuti la Sébastien Haller lililodunda chini na kumpita juu, na safari ya kuelekea fainali ikaishia hapo.

Miezi 21 baadaye, Novemba 16, 2025, mjini Rabat, Kongo ilikuwa 1-1 na Nigeria kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, muda wa nyongeza unakatika. Kocha Sébastien Desabre akamtoa Mpasi akamwingiza Timothy Fayulu, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akicheza Armenia. Ulikuwa uamuzi kama ule wa Uholanzi mwaka 2014, Tim Krul alipoingizwa dakika ya mwisho dhidi ya Costa Rica. Krul alishinda kwa penalti 4-3. Fayulu naye akapangua, Chancel Mbemba akafunga wa mwisho, 4-3. Mtu aliyekaa benchi dakika zote zile alikuwa tayari kwa sababu kuna waliomwandaa kwa miaka mingi.

Fayulu na Mpasi ni watoto wa Kongo, na hakuna wa kuwanyima haki hiyo. Ila hakuna sababu ya Masisi kukosa wa kwake. Hatua ya kwanza haidai uwanja wa mamilioni: ligi ya vijana ya wilaya chini ya LIFNOKI, chama cha soka cha Kivu Kaskazini, mashindano ya shule yanayorudi kila mwaka, glavu, na kocha wa makipa mmoja anayezunguka. Inadai pia misimu mitano mfululizo isiyokatizwa na risasi, na hiyo iko mikononi mwa wenye bunduki na wanaowalipa. Mpaka itakapopatikana, Kivu itaendelea kupeleka bati na koltani nje, na Kongo itaendelea kuwaleta makipa wake kutoka huko huko.