Adhuhuri Moja Katika Mkahawa wa Marseille

Muislamu aingiapo mkahawa wa Kifaransa, huwa na wasiwasi wa mambo mawili: nguruwe na mvinyo. Nami nilikuwa nao wasiwasi huo siku nilipokaribishwa chakula cha mchana mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mwenyeji wangu alikuwa Mngazija, kwani Wangazija waliolowea mji huo ni wengi mno.

"Usihofu, ndugu yangu," akaniambia. "Leo twala samaki, na samaki hachinjwi."

Mkahawa wenyewe ni mdogo, umeelekea Vieux-Port, bandari ya kale ambapo wavuvi huuza samaki asubuhi. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe pe, na upepo wa bahari ukiingia madirishani.

Tuliagiza bouillabaisse, chakula kilichoupatia mji huo sifa. Asili yake ni chakula cha wavuvi: samaki wa miba wasio na mnunuzi walitiwa chunguni papo hapo pwani. Leo ni chakula cha wenye nazo. Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa ya Marseille waliandikiana mkataba kwamba aina za samaki zisipungue nne.

Lakini wako wapishi wautiao mvinyo. Nikamwomba mwenyeji aulize. Watu wa meza ya pili wakageuka kututazama, nami nikatahayari. Mtumishi hakukasirika, alikwenda jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, aliyetuhesabia kwa vidole: mafuta ya zeituni, vitunguu, thumu, tungule, shamari na zafarani. Mvinyo hamna. Moyo ukatulia.

Kwanza ililetwa supu peke yake, rangi ya dhahabu, pamoja na mkate uliochomwa na kupakwa rouille, mchuzi mzito wa pilipili na thumu. Maana ya jina hilo ni kutu, kwa ajili ya rangi yake. Kisha likaja sinia la samaki wazima. Tulionyeshwa kwanza, halafu mtumishi akawatoa miba mbele yetu. Alikuwamo mkunga, na rascasse mwekundu mwenye sura ya kutisha na nyama tamu ajabu. Nilimkumbuka marehemu bibi yangu na mchuzi wake wa vichwa vya samaki.

Vijana wetu waendao ng'ambo, wengi huona haya kuuliza. Wakala wasichokijua, au wakashinda na njaa. Mimi nilitahayari dakika tano, nikala kwa raha saa mbili. Kuuliza si ujinga.