UPEPO AU SHOKA? MATUMIZI YA DRONI KATIKA KUKADIRIA MADHARA YA DHORUBA MISITUNI

Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo. Wakati huo hasara ya miti haikuweza kupimwa ila kwa kutembea na kuhesabu. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kiliwakumbusha wakaazi wa Visiwani na wa Mwambao kuwa hatari hiyo ingalipo.

Siku hizi kazi ya kupima hurahisishwa na ndege ndogo zisizo na rubani, yaani droni. Hizi huruka chini ya mawingu ambayo wakati wa masika huzuia picha za setilaiti. Droni hupiga picha nyingi zinazopandana. Kompyuta huziunganisha ziwe ramani moja na kukokotoa kimo cha miti. Ramani ya kabla ya dhoruba ikilinganishwa na ya baada yake, sehemu ambazo miti imeanguka hudhihirika.

Hata hivyo, si kila mti ulioanguka umeangushwa na upepo. Mfano ni Msata, kilomita 64 kwa barabara kutoka Bagamoyo, eneo lenye miombo na uchomaji mkaa. Miti iliyoangushwa na upepo aghalabu hulala kuelekea upande mmoja, na magogo yake huwa bado yapo. Iliyokatwa huacha visiki, njia za kusombea na madoa meusi ya matanuri. Aidha, miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Picha ikicheleweshwa hadi Septemba, mti ulio hai huweza kudhaniwa umekufa.

Tofauti hiyo ina uzito. Msitu ulioangushwa na upepo huhitaji muda wa kuchipua na kinga dhidi ya moto. Uliokatwa huhitaji ulinzi dhidi ya wakataji. Hesabu hizo zikichanganywa, ukataji hujificha nyuma ya jina la dhoruba.

Visiwani, msingi wa kulinganisha upo: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, iliendesha upigaji picha wa Unguja na Pemba kwa droni. Pasipo na picha ya kabla, droni huonyesha miti iliyolala, lakini haielezi ni mingapi iliyokuwa imesimama.

Droni haioni vyema chini ya majani mazito. Hivyo basi, baada ya ramani kutayarishwa, maofisa wa misitu hawana budi kuhakiki kwa miguu, wakifuatana na sheha au viongozi wa kijiji. Urushaji wenyewe huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kwa upande wa wakaazi, inafaa miti iliyoanguka msituni isikatwe wala kusombwa kabla ya kupigwa picha. Gogo likiondolewa, ushahidi nao huondoka.