Utangulizi: Kipimo Kikisema Hakuna Malaria

Somo hili lina mtego ndani ya lugha yenyewe: kwa wengi wetu, "nina homa" na "nina malaria" ni kauli moja. Mama hufika zahanati ugonjwa ameshaupa jina, na kwa miaka mingi mganga alikubaliana naye bila kupima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, dawa mseto ifuate. Sasa tone la damu linatolewa, wanasubiri kidogo, jibu linatoka: hakuna malaria. Na mtoto bado anachemka.

Ana nini basi? Matokeo yaliyochapishwa 2014, ya watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa Dar es Salaam na Ifakara, yalionyesha malaria kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi. Wengi waliugua maradhi ya njia ya hewa, na virusi vilikutwa kwa takribani saba katika kumi. Utafiti wa mjini Moshi ulishtua zaidi: kati ya wagonjwa 870 waliolazwa, 528 waliandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Wamo waliougua maradhi yatokayo kwa wanyama, ikiwamo leptospirosisi, ile ile iliyozuka Lindi 2022 tukaiita homa ya mgunda.

Mhudumu huona haya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu, akaandika antibayotiki. Haigusi virusi, na usugu wa dawa unakua. Au hutafutwa jina jingine. Siku hizi taifodi na yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) zimekuwa mapacha wa karatasi ya maabara, ingawa kipimo cha Widal cha taifodi hudanganya mara nyingi.

Kazi yenyewe huanza kwa macho. Degedege, kulegea, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu: huyo ni wa rufaa, leo hii. Kisha, akiwa na kikohozi, hesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia. Hamsini au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, arobaini au zaidi hadi miaka mitano, ni nimonia. Amoksilini ina kazi hapo. Mwenye mafua tu apewe panadoli, anyonye, anywe, arudi siku ya tatu homa isiposhuka, au mara moja akizidiwa.

Unapofungua sura ya kwanza, uwe na saa yenye mshale wa sekunde.